Aibimu mbili za kubeba tangi la lita 3,000: shajara ya hesabu, makosa na pesa

Jumamosi, 8 Machi 2025

Naanza kuandika hii kwa sababu nilitafuta mtu ameandika kwa Kiswahili namna ya kupiga hesabu ya boriti ya tangi nikakosa, na mafundi wengi hapa Nairobi wanakuambia tu "weka ya inchi sita bosi, hiyo haiwezi kukusumbua". Inaweza kua kweli. Inaweza pia kua unanunua chuma mara mbili ya unayohitaji, ama nusu yake.

Stori yenyewe: mamangu ana ploti ndogo Kayole, nyumba sita za kupangisha, na maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, wiki zingine siku moja. Tangi la lita 1,000 lililo chini halitoshi na nafasi ya uani imeisha. Nafasi iliyobaki ni juu ya kile kichochoro kati ya ukuta wa nyumba na nguzo ya mawe ya Ndarugo kwenye fensi. Wazo ni kulaza aibimu mbili (boriti za chuma zenye umbo la herufi I) kutoka ukutani hadi nguzoni, mita 2.6 kutoka chini, tangi likae juu yake. Wapangaji watakua wanapita chini yake kila siku, na watoto.

Mama aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, hiyo kitu ikianguka?" Aliona ile ya mtaa wa Huruma kwa TV, jengo la ghorofa sita lililoanguka Aprili 2016, kwa hivyo sikumjibu kwa mdomo, nilimwambia nipe wiki moja nipige hesabu.

Mimi nilisoma dipuloma ya ujenzi lakini nauza spea Kirinyaga Road, miaka kadhaa sijashika hesabu ya boriti. Nimeanza na futi kamba:

Katikati ya egemeo moja hadi lingine ni mita 3.2. Aibimu mbili, zimeachana mita 0.9. Tangi lina kipenyo cha mita 1.5 na litakaa katikati kabisa. Maji lita 3,000 ni kilo 3,000, tangi tupu kama 60, mbao na angolaini za juu nimeweka 140 (nimezidisha kidogo makusudi). Jumla kilo 3,200.

Jumanne, 11 Machi

Hesabu ya kwanza. Kilo 3,200 mara 9.81 (mvutano wa dunia) ni nyutoni 31,400, yaani kilonyutoni 31.4. Kila aibimu inabeba nusu, 15.7. Mara ya kwanza nilisahau hiyo 9.81 nikapata mkazo mdogo hadi nikafurahi, nikaona kwa chati hata chuma ya fremu ya dirisha ingetosha, hapo ndo nikajua kuna kitu imeenda mrama. Ukipata jibu tamu sana angalia yuniti zako.

Boriti yangu ni ile rahisi kabisa, imelala tu kwenye maegemeo mawili, haijashikwa kwa nguvu upande wowote. Fomula niliyokumbuka kutoka chuo ni mzigo mara urefu gawanya kwa 8. Kwa hivyo 15.7 × 3.2 ÷ 8 = 6.28 kilonyutoni mita. Hiyo ndo momenti ya kupinda, yaani nguvu inayoikunja boriti, pale katikati, mahali inakua kubwa zaidi.

Sasa mkazo (nguvu ambayo kila milimita mraba ya chuma inabeba) ni momenti gawanya kwa modulasi ya sekshoni, ile namba iko kwa chati za chuma ya kuonyesha umbo lake linapinga kupinda kiasi gani. Sitapata cheti cha chuma ya mtumba, kwa hivyo nimechukua kwamba inaanza kuvutika bila kurudi ikifika nyutoni 235 kwa kila milimita mraba, alafu nikajiwekea sheria nisipite 150. Nikirudi nyuma: 6,280,000 ÷ 150 = karibu milimita kyubu 41,900, yaani sentimita kyubu 41.9. IPE 120 (saizi ya aibimu, kimo milimita 120) iko na 53. Inatosha na chenji inabaki.

Nikalala vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nililala vizuri bure.

Ile fomula ya kugawanya kwa 8 ni ya mzigo ulioenea boriti yote kutoka mwisho hadi mwisho. Tangi langu halijaenea mita 3.2, limekaa kwenye mita 1.5 za katikati tu, na huko pembeni hakuna kitu. Niligundua nikichora picha. Nilikua naiona kwa kichwa tu, siku niliyochora kwa eksersaizi buku ya mtoto ndo nikaona pande mbili hazina mshale hata mmoja.

Mama hakuelewa kwa nini nimekasirika ivo, nikachukua rula ya plastiki nikailaza juu ya vikombe viwili, nikaweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Kwanza nimeilaza kwa urefu, rula ikanepa kidogo. Alafu pakiti hiyohiyo nikaisimamisha pale katikati. Rula ikashuka hadi tukaona kwa macho bila kupima. Chumvi ni ileile, gramu 500, hakuna iliyoongezwa. Mama akasema "kumbe ni vile inakaa", na kusema ukweli hiyo ni nusu ya somo la muhula mzima.

Kwa hivyo wacha fomula za kukariri, njia ambayo haidanganyi ni kukata boriti katikati kwa karatasi na kuangalia upande mmoja tu. Upande wa kushoto una vitu viwili. Egemeo linasukuma juu kwa nusu ya mzigo, 7.85, likiwa mita 1.6 kutoka katikati. Nusu ya tangi inasukuma chini, nayo pia 7.85, na kitovu chake kiko mita 0.375 kutoka katikati. Momenti ni 7.85 × 1.6 toa 7.85 × 0.375, yaani 12.56 toa 2.94, jibu 9.62. Kwa anayetaka fomula: mzigo × (mara mbili ya urefu wa boriti, toa urefu wa sehemu yenye mzigo) ÷ 8. Ukiweka sehemu yenye mzigo iwe sawa na boriti yote inarudi ileile ya kugawanya kwa 8, na ukiweka sifuri inakua ya kugawanya kwa 4, ile ya mzigo wa nukta moja.

Kutoka 6.28 hadi 9.62. Namba sahihi imezidi yangu kwa asilimia zaidi ya 50.

Alafu mchana nikimwonyesha jamaa wa duka la pili, yeye alisomea makanika, akaangalia akasema "lakini tangi si ni duara?" Nikataka kumwambia anyamaze. Ni kweli. Duara ina uzito mwingi katikati kuliko kwenye ncha, kwa hivyo kitovu cha nusu ya tangi hakiko mita 0.375, kiko 0.424 ya nusukipenyo, yaani 0.424 × 0.75 = 0.318. Nikirudia: 12.56 toa 2.50 ni 10.06. Si tofauti kubwa lakini inaenda upande mbaya. Ongeza uzito wa aibimu yenyewe, kitu kama 0.16, inafika 10.2. Hiyo ndo namba ninayotumia kuanzia leo.

IPE 120 sasa inapata mkazo wa 192. Haivunjiki lakini imepita sheria yangu mbali sana. IPE 140 iko na modulasi 77.3, inapata 132. Tumehamia 140.

Mnepo pia nimepiga. IPE 140 tangi likijaa itashuka milimita 8.7 katikati, na nilikua nimejiwekea 10. IPE 120 ingeshuka karibu 15, ungeiona kwa macho ukipita chini na mama angeniita kila asubuhi.

(Kwa wenye wanajilaumu kwa hesabu: Galileo mwenyewe aliandika juu ya boriti mwaka 1638 na akakosea, aliweka mstari wa kujipinda kwenye ukingo wa chini wa boriti badala ya katikati. Hiyo fomula ya mkazo tunayotumia ilikuja kunyooshwa vizuri na Navier kwa mihadhara aliyochapisha 1826. Karibu miaka 200 baadaye. Mimi nimetumia siku mbili.)

Jumamosi, 22 Machi

Nimeenda Gikomba kwa watu wa skrapu. Nimebeba kalipa, rula ya chuma na picha ya chati kwa simu, kwa sababu hapo utaambiwa "hii ni ya inchi tano na nusu" na kila mtu ana inchi yake. IPE 140 halali ina kimo cha milimita 140, flanji (ule ubapa wa juu na wa chini) upana 73 na unene 6.9, ukuta wa katikati 4.7. Nilipima aibimu saba. Mbili tu ndo zilikubali, zote mita 4.2, kutu ya juujuu tu. Tukaweka kwa mizani zikatoa kilo 108, na kwa chati ni 12.9 kwa mita, mara 8.4 ni 108.4, nikajua sijauziwa chuma nyembamba. Shilingi 110 kwa kilo, 11,880. Pikapu hadi Kayole 1,500.

Moja iko na mashimo mawili ya milimita 18 kwa flanji moja, moja kila upande wa huo ukuta wa katikati, mita 1.7 kutoka ncha moja. Muuzaji alitaka kuniondolea mia tano kwa ajili ya hayo mashimo nikakataa kwa kujiamini, nikamwambia si shida, tunahitaji mita 3.4 tu, tutakata pale kwenye ncha ya karibu mashimo yasogee pembeni. Ukikata mita 0.8 upande huo, mashimo yanabaki mita 0.9 kutoka ncha, na huko momenti ni ndogo, inapungua kadiri unavyokaribia egemeo hadi inakua sifuri pale pale. Mahali pa kutoboa boriti ya aina hii ni karibu na ncha. Nilieleza vizuri sana. Ningelipwa kwa kueleza ningekua tajiri.

Jumapili, 23 Machi

Imekatwa upande mbaya.

Sitamlaumu fundi. Mimi ndo niliandika kwa chaki "800" na mshale, na mshale wangu ulikua unaonyesha mahali pa kupimia lakini yeye aliusoma kama mahali pa kukatia, na mimi nilikua nimeenda kununua soda. Nikirudi nasikia grainda inanyamaza. Mashimo yako mita 1.7 kutoka ncha ya aibimu ya mita 3.4. Katikati kabisa. Hata ungemlipa mtu azilenge hapo asingepata vizuri ivo.

Fundi akaniambia, "Bosi usijali, tunaigeuza tuilaze ubavu, itakaa hata imara kuliko kusimama." Hii nimesikia kwa mafundi watatu tofauti sasa kwa hivyo naiandika polepole. Aibimu ikisimama modulasi yake ni 77.3. Ikilala ubavu ni 12.3. Chuma ni ileile, kilo ni zilezile, lakini imekua dhaifu mara sita. Kwa momenti yetu ya 10.2 ingepata mkazo wa zaidi ya 800, na chuma yenyewe inaanza kuvutika 235. Ingekunjika kabla tangi halijajaa hata thuluthi. Inaonekana imara kwa sababu haiyumbi ukiiweka, hiyo tu. Nikamwonyesha na ileile rula ya mtoto, imelala na imesimama kwa ukingo. Akashika akajaribu mwenyewe mara mbili, akanyamaza, akasema "sawa".

Jumatano, 26 Machi

Jioni tatu nimekaa na hayo mashimo.

Swali: IPE 140 yenye mashimo mawili ya milimita 18 kwa flanji ya chini pale katikati imebaki na nguvu gani? Kila shimo limeondoa 18 × 6.9, mawili ni milimita mraba 248. Ukiangalia haraka unasema ni 248 kati ya 1,640, asilimia 15 tu. Hapo ndo watu huchomeka. Hiyo 15 imetolewa mahali chuma inafanya kazi zaidi, mbali na mstari wa katikati, na pia ule mstari wenyewe unahama juu karibu milimita 12 kwa sababu chini kumekua kwepesi. Nimerudia hesabu yote: inertia (namba ya umbo inayopinga kunepa) kutoka sentimita kwa nguvu ya nne 541 hadi 411, umbali hadi ukingo wa chini kutoka 70 hadi 82, modulasi mpya 50. Kutoka 77 hadi 50! Mkazo unapanda kutoka 132 hadi 204.

204 ni chini ya 235. Kuna sauti ndogo iliniambia si itabeba tu. Lakini 235 yenyewe nimeikisia, chuma ni ya mtumba, na kwenye ukingo wa shimo mkazo unakua mkubwa kuliko hesabu ya kawaida inavyosema. Sauti nimeikatalia.

Njia nilizofikiria ni tatu. Kununua nyingine, kama 6,000 na pikapu tena. Kuigeuza mashimo yawe juu, lakini juu napo kunabanwa kwa nguvu ileile, shimo tupu halibebi kitu iwe juu au chini. Ya tatu ni kuchomelea fleti (kipande bapa cha chuma) chini ya flanji kufunika mashimo. Fleti ya 60 kwa 8 ina milimita mraba 480, karibu mara mbili ya kilichotoka. Urefu milimita 800, ipite mashimo mita 0.4 kila upande ili nguvu ipate nafasi ya kuingia kwenye fleti kupitia welidi kabla haijafika kwenye shimo. Tumeenda na hiyo.

Jumamosi, 29 Machi

Fleti imechomelewa. Upana wa 60 kwenye flanji ya 73 unaacha milimita 6 na nusu kila upande, inatosha welidi ya milimita 5 lakini fundi lazima awe na mkono mtulivu. Tulichoma vipande vifupi vifupi tukibadilisha pande, usichome mstari mmoja mrefu, chuma itajikunja.

Ilijikunja hata ivo. Welidi ikipoa inavuta, na kwa vile iko chini tu, upande wa chini ulifupika na aibimu ikainuka katikati milimita 2. Nilipima kwa uzi. Hii kwa kweli ni bahati, imepindia upande wa kupingana na tangi, watu wa madaraja hutengeneza hivo makusudi. Lakini sasa aibimu moja imenyooka na nyingine ina mgongo, na hilo litarudi kutuuma wikendi ijayo bila mimi kujua.

Redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili. Angolaini sita za 50 kwa 50 kwa 5, mita 1.6 kila moja, za kupita juu ya aibimu, alafu mbao za inchi mbili. Angolaini tumezifunga kwa klampu za U, sitaki kuona mashine ya kutoboa karibu na hizi flanji tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumepandisha. Watu wanne, kamba, na ngazi ya jirani. Kila aibimu ni kilo 44 hivi, si nzito, ni refu tu na kichochoro ni kembamba.

Mvua ilianza saa tisa tukaharakisha. Tangi liko juu, limefungwa na mnyororo kwa ukuta lisisogee na upepo likiwa tupu.

Jumapili, 6 Aprili

Jaribio la kujaza. Hii sehemu ndo nilikua naisubiri kwa sababu maji ni mzigo ambao hauhitaji mizani, lita ni kilo. Nimevuta uzi kutoka msumari kwa ukuta hadi msumari kwa nguzo, haugusi aibimu popote, alafu napima kwa rula ya chuma kutoka uzi hadi chini ya aibimu. Naziita A (ile safi) na B (yenye fleti). Kwa hesabu, A inatakiwa ishuke milimita 2.7 kwa kila lita 1,000.

Lita 1,000: A imeshuka 4, B 2 na nusu.
Lita 2,000: A imeshuka 8, B 4 na nusu. Nikafunga bomba.

A ilitakiwa iwe 5.5. Ile safi, isiyo na kosa, ndo inashuka sana, na ile iliyotobolewa inakaa kama haijui kuna tangi. Nilisimama hapo chini nikiangalia kama mtu amepoteza funguo. Mama akatoka akaniangalia mimi, akaangalia juu, akahamisha ndoo zake bila kusema kitu.

B ilieleweka haraka. Ile fleti si imerudisha tu kilichotoka, imeongeza ukakamavu pale katikati mahali mnepo mwingi unatoka, kwa hesabu inapunguza karibu asilimia 15. 5.5 ikawa 4.6. Nimepima 4 na nusu. Safi.

A ilinichukua saa nzima. Nilikua napima katikati tu. Nikapanda ngazi nikapima pale kwenye ncha: upande wa ukuta imeshuka 1, upande wa nguzo imeshuka 4. Maegemeo yenyewe yanazama! Na ncha moja ikishuka 4 na nyingine 1, katikati inashuka wastani wake, 2 na nusu. 5.5 jumlisha 2.5 ni 8. Aibimu ilikua inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Mbona inazama? Nilipiga tochi nikaona kipande cha plaiwudi. Ile siku ya mvua B ilikua juu kwa sababu ya mgongo wake, angolaini zikawa zinacheza, na fundi akainua ncha za A na vipande vya plaiwudi ili zilingane. Hakuniambia kwa sababu kwake ni kitu ya kawaida. Plaiwudi imelowa usiku wote, na ile ya upande wa nguzo, ambako hakuna paa, imekua kama mkate kwenye chai. Tangi likijaa kila ncha itasukuma chini kilonyutoni 8, ni kama kilo 820 juu ya kipande cha ukubwa wa kiganja.

Ilibidi kutoa maji yote. Jumapili jioni, siku ambayo mfereji umekauka, nikapiga hodi kwa wapangaji nikawaambia leteni mitungi. Lita 2,000 ni mitungi 100 ya lita 20. Iliisha kabla ya saa mbili usiku, na majirani wa ploti ya pili pia walikuja.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeinua A kwa jeki ya gari, tumetoa plaiwudi. Chini ya kila ncha sasa kuna sahani ya chuma 200 kwa 200 kwa milimita 10, imekaa juu ya chokaa ya simiti moja kwa mchanga tatu, ngumu si ya majimaji, na palipohitaji kuinuliwa tumeweka vipande vya chuma vya milimita 3. Ile 8 ikitandazwa kwa sahani nzima inakua nyutoni 0.2 kwa milimita mraba, jiwe la Ndarugo halitasikia. Tumeacha wiki moja simiti ishike.

Jumamosi, 19 Aprili

Jaribio la pili, napima katikati na ncha zote.

Lita 1,000: A 3, B 2 na nusu. Lita 2,000: A 5 na nusu, B 4 na nusu. Lita 3,000: A 8 na nusu, B 7. Ncha zote hazijasogea kitu ambacho rula inaweza kuona. Hesabu ilikua inasema A 8.2 na B 6.9. Rula yangu ina nusu milimita, siwezi kudai zaidi ya hapo.

Nimeacha limejaa usiku mzima nikapima asubuhi. Hazijaongezeka.

Pesa, bila tangi: aibimu 11,880, pikapu 1,500, fundi na msaidizi siku tatu 9,000, fleti na sahani 2,900, angolaini 4,600, mbao 3,400, rangi na brashi 1,650, rodi na diski 1,200. Jumla 36,130. Ndani ya hiyo, makosa yangu (mshale wa chaki na kutokuuliza kuhusu plaiwudi) yamekula kama 5,000, nyingi ikiwa siku nzima ya fundi.

Kama unaiga hii, usichukue IPE 140 kwa sababu mimi nimeichukua. Urefu wako ukiwa mita 4 badala ya 3.2, tangi lilelile, momenti inaenda 13.2 hata kabla ya kuongeza uzito wa aibimu, na mnepo unafika mara mbili. Na kama ni ya kukaa juu ya ghorofa ama slabu ya mtu, tafuta injinia aliyesajiliwa, mimi nimefanya kichochoro tu.

Jumamosi, 3 Mei

Wiki mbili za mvua, nimepima tena: A 8 na nusu, B 7.

Mama sasa anataka tangi dogo la lita 500 pale kando ya kubwa, "si kuna nafasi". Nimepiga hesabu nikiwa nimesimama hapohapo. Likikaa upande wa nguzo, kitovu chake mita 0.4 kutoka egemeo, linaongeza momenti ya katikati kwa 0.49 tu, mkazo unatoka 132 hadi 139. Ncha ya nguzo ndo itasikia, kutoka 8 hadi 10. Nimemwambia sawa mama, nikapanda ngazi nikachora duara kwa chaki mahali litakaa, bila mshale.